Hakuba: kijiji kilichopata kazi ndani ya theluji

Mkenya Philip Boit alipomaliza mbio za ski za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Februari 1998, alikuwa wa mwisho kufika. Kwenye mstari wa kumalizia alimkuta Bjørn Dæhlie wa Norway, mshindi wa mbio hizo, ambaye alikuwa amefika dakika 20 kabla yake na bado alikuwa akimsubiri ili amkumbatie. Kisa hicho kilisimuliwa sana Kenya, na kila mara jina lililotajwa lilikuwa Nagano. Lakini uwanja wenyewe uko Hakuba, kijiji cha milimani chenye wakazi wasiofika elfu kumi, katika mkoa huohuo wa Nagano. Leo kila msimu wa baridi Hakuba hujaa wageni kutoka Australia, Taiwan na kwingineko, na huhitaji wafanyakazi wa hoteli wengi kuliko watu kilio nao. Ninachotaka kusimulia ni namna kijiji hicho kilivyopata kazi ya kufanya wakati wa baridi, na ni akina nani walioifanya.

Theluji ya Hakuba haikuanza kuwa neema. Upepo mkavu wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, hunyonya unyevu njiani, hugonga milima inayokaribia mita 3,000, kisha huumwaga unyevu huo kama theluji. Juu mlimani, msimu mmoja unaweza kuleta zaidi ya mita 10. Kwa mkulima wa mpunga, hiyo ilikuwa na maana ya shamba kufunikwa kwa miezi mingi na mikono kukaa bure. Wanaume wa maeneo ya theluji walikuwa wakivuna, kisha wanafunga safari kutafuta vibarua: kwenye viwanda vya pombe ya mchele, na miaka ya baadaye kwenye ujenzi wa Tokyo. Walirudi theluji ikiyeyuka. Nyuma walibaki wanawake, watoto na wazee, na theluji ya kukwangua juu ya paa ili nyumba isibomoke. Kazi hiyo ilikuwa ikiua watu na ingali inaua kila mwaka nchini Japani, wengi wao wazee.

Wageni wa kwanza waliofuata milima hii walikuja wakati wa kiangazi. Mmisionari Mwingereza, Walter Weston, alipanda Mlima Shirouma, wenye mita 2,932, mwaka 1894, na maandishi yake yakawavuta wengine. Mwaka 1906 mwenyeji mmoja, Matsuzawa Teiitsu, alianza kulaza wapandaji kwa malipo kwenye kibanda karibu na kilele. Wanaume wa kitongoji cha Hosono, chini ya mteremko wa Happo, wakawa waongozaji wa milimani. Mgeni akifika jioni, hulala kwa mwongozaji wake na kula alichopika mke wa mwongozaji, ili alfajiri waanze safari pamoja. Naona hapo ndipo kazi ya hoteli ilipoanzia Hakuba, kabla kijiji hakijawa na hoteli hata moja.

Ski zilikuja kwa mlango wa jeshi. Januari 1902, askari 199 kati ya 210 waliokuwa mazoezini kwenye milima ya Hakkoda, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, walikufa kwa baridi na dhoruba ya theluji. Jeshi lililofikwa na msiba wa namna hiyo lilikuwa na kila sababu ya kujifunza njia bora ya kutembea juu ya theluji. Tarehe 12 Januari 1911, ofisa wa Austria na Hungaria, Meja Theodor von Lerch, alianza kuwafundisha askari wa Kijapani huko Takada, mkoa jirani wa Niigata. Wanafunzi wa vyuo vya mijini waliupokea mchezo huo kwa shauku kubwa, na stesheni ya reli ya kijiji hiki ilipofunguliwa mwaka 1932, walishuka hapo na mbao zao begani. Walikwenda kulala wapi? Kwa waongozaji walewale wa Hosono.

Wakati huo Nagano ilikuwa na majeraha yake. Mkoa huu ulikuwa kitovu cha hariri ya Japani, na bei ya hariri iliporomoka mwaka 1930 baada ya uchumi wa Marekani, mnunuzi mkubwa, kuyumba. Familia nyingi za mkoa huu zilihamia hadi Manchuria kutafuta ardhi. Kwa mkulima aliyebaki, fedha kidogo ya mwanafunzi aliyekuja kuteleza ilikuwa na uzito. Mwaka 1937 nyumba za Hosono zilipewa kibali rasmi cha kulaza wageni, na kwa sababu hiyo Hakuba hujitambulisha kama chimbuko la minshuku, yaani nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia ndani ya makazi yao wenyewe.

Kazi ya minshuku yafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mzigo wake mkubwa ulibebwa na mwanamke. Huamka giza halijatoka. Huwasha moto, hupika wali wa mpunga wa shamba lao, supu ya miso, samaki wa kuchoma, na hutoa mboga za majani zilizokolezwa chumvi kwenye pipa tangu vuli. Wageni wakishatoka kwenda mlimani, hukunja magodoro na kuyapanga kabatini, hufagia mikeka, huosha vyombo, hufua. Mumewe yuko nje na koleo, au yuko mlimani anafundisha ski. Saa kumi jioni wageni wanarudi wakiwa wamelowa, na hapo huingia kazi ambayo hoteli za nchi za joto haziijui: chumba cha kukaushia. Jiko linanguruma, kuta zimejaa makoti na glavu, viatu vizito vya ski vimepangwa sakafuni, na harufu ya jasho na ngozi iliyolowa imetanda. Asubuhi kila kiatu lazima kiwe kikavu, maana kiatu kibichi kwenye baridi hiyo kinamwumiza mvaaji. Usiku wageni huoga kwanza, kisha wenye nyumba, na mama huingia bafuni wa mwisho. Wageni humwita "mama", desturi ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa.

Baada ya vita mambo yalikwenda kasi. Lifti za kwanza za ski nchini zilijengwa mwaka 1946 kwa ajili ya majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani. Moja ilikuwa Shiga Kogen, mkoa huuhuu wa Nagano. Kijiji cha Hakuba kiliundwa mwaka 1956 kwa kuunganisha vijiji viwili, na miaka miwili baadaye mteremko wa Happo ukapata gari la kamba. Mabasi na treni za usiku zilileta vijana kutoka Tokyo na Osaka kwa maelfu. Familia hazikutosha tena, na hapo akaingia mfanyakazi wa aina mpya: mwanafunzi anayeosha vyombo na kukwangua theluji kwa malipo ya chakula, mahali pa kulala na nafasi ya kuteleza mchana. Mshahara ulikuwa mdogo au haukuwepo. Lakini alikula meza moja na familia, na wengi waliendelea kurudi kila mwaka mpaka wakawa kama watoto wa nyumba.

Kilele kilikuja na fedha nyingi za miaka ya 1980. Sheria ya mwaka 1987 ya kuendeleza maeneo ya mapumziko ilihimiza makampuni kujenga, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 inakadiriwa Wajapani milioni 18 walikuwa wanateleza. Kisha uchumi ukaanguka. Olimpiki ya 1998 iliiletea Hakuba mbio za kuteremka, kuruka kwa ski, barabara na sifa, lakini haikuwarudisha vijana wa Kijapani mlimani. Nao walikuwa wanazidi kupungua kwa idadi. Wazazi wa Hosono waliokuwa wamekesha wakikausha viatu ili watoto wasome, waliona watoto hao wakibaki Tokyo. Nyumba moja baada ya nyingine ikafunga.

Waliojaza pengo walitoka ng'ambo. Japani na Australia zilianza mwaka 1980 mpango wa viza unaomruhusu kijana kutalii na kufanya kazi, wa kwanza wa aina hiyo kwa Japani, na karne mpya ilipoanza Waaustralia walikuwa wameshagundua theluji hii. Baadhi walinunua nyumba za wageni zilizofungwa. Wengine walikuja kukaa mapokezi, kuendesha mabasi madogo ya wageni na kutandika vitanda. Mwaka 2019 serikali ilifungua viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kazi za hoteli zimo. Kisha mipaka ikafungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na misimu ikapita bila watalii wa nje wala vijana wa kuwahudumia, mpaka Oktoba 2022. Waliporudi, walirudi na yeni dhaifu iliyowarahisishia watalii kila kitu, huku nyumba za kupanga zikiwa ghali kwa mhudumu wa vyumba.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo naliona kubwa kuliko lifti na medali. Usiku wa tarehe 22 Novemba 2014, tetemeko liliangusha makumi ya nyumba katika eneo la Kamishiro, Hakuba. Hakuna aliyekufa. Majirani walifika na jeki za magari na misumeno, wakainua mapaa na kuwatoa waliofukiwa, kwa kuwa kila mmoja alijua nyumba ya jirani ina watu wangapi na mzee analala chumba kipi.

Ujuzi huo hauji kwa mkataba wa miezi minne. Mhudumu wa leo hufika Desemba, hulala na wenzake kwenye bweni, ambalo mara nyingine ni minshuku ya zamani iliyofungwa, na huondoka theluji ikiyeyuka, wakati uleule ambao wanaume wa hapa zamani walikuwa wakirudi. Simlaumu, hajapewa nafasi ya kubaki. Hoteli mpya za Hakuba zina vyumba vya wageni vya kifahari, na nadhani kijiji kina haki ya kudai kwamba kila kibali kipya cha ujenzi kiende pamoja na nyumba ambamo mpishi na mfua mashuka wanaweza kuishi mwaka mzima, na watoto wao wakaandikishwa shule ya kijiji.