Kiti cha Land Rover: kutoka Solihull na Thika hadi Nyalenda

Katika Land Rover za kwanza kabisa, petroli haikujazwa mpaka dereva ashuke. Mdomo wa tangi ulikuwa chini ya makalio yake: unainua mto wa kiti, unafungua kifuniko, unamimina, kisha unaurudisha mto mahali pake. Kiti chenyewe hakikuwa na makuu. Kilikuwa mto wa kukalia na mwingine wa kuegemea, yote imevikwa ngozi bandia, na mtu wa tatu akibanwa katikati.

Ufukara huo ulikuwa na sababu zake. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alilibuni gari hilo kwa ajili ya mkulima, baada ya kuona kazi aliyofanyiwa na Jeep kuukuu ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey. Lilipozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, Uingereza bado ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo kutokana na vita, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Kiti kilitakiwa kitimize sharti moja tu, kwamba tope likikauka juu yake lifutike kwa kitambaa chenye maji. Ngozi ya ng'ombe isingeliweza hilo, mbali na bei yake. Nguo ya pamba iliyopakwa plastiki iliweza.

Matope yenyewe hayakukosekana huku kwetu. Kisumu ilikuwa makao makuu ya mkoa wa Nyanza, na mwenye kazi ya serikali Siaya, Homa Bay au uwanda wa Kano alihitaji gari lisilouogopa udongo mweusi wakati wa masika. Mkuu wa wilaya, polisi, bwana afya na bwana kilimo walijulikana kwa muungurumo wa Land Rover kabla hawajaonekana. Za toleo la pili, zilizoanza kutoka kiwandani Solihull mwaka 1958, nyingi zilikuwa na viti vya kijivu vyenye mikunjo midogo midogo kama ngozi ya ndovu. Toleo la tatu, la mwaka 1971, likaja na viti vyeusi. Mtu aliyezoea magari haya hukisia umri wa gari kwa kuchungulia dirishani, ikiwa kiti hakijaguswa.

Lakini kiti kisichoguswa ni nadra hapa Kenya, na tangu miaka ya sabini mambo yamezidi kuchanganyika. Wakati huo serikali ilitaka magari ya kazi yaunganishwe nchini badala ya kuingizwa yakiwa mazima. Leyland Kenya ikafungua kiwanda Thika, na Land Rover zikaanza kuja vipande vipande ndani ya makasha na kuungwa hapo. Waunganishaji wakatakiwa pia kununua baadhi ya vitu kwa watengenezaji wa humu humu nchini, vikiwemo betri, vioo, springi, rangi na vitambaa vya viti. Kwa hiyo mwenye Land Rover ya Thika anayeagiza nguo ya kiti kutoka Uingereza ili lirudi kuwa gari halisi huenda analivika nguo ambayo halikuwahi kuivaa. Uhalisi wake ulishonwa Kenya.

Gari la serikali likichoka hupigwa mnada. Land Rover nyingi zilizobaki kando ya Ziwa Victoria zilipitia njia hiyo: zikatoka kwa afisa zikaenda kwa mfanyabiashara, zikabeba mchanga, mahindi, na samaki waliokuwa wakidondosha maji hadi kitini. Kila mwenye gari akaongeza nguo yake juu ya ile aliyoikuta.

Ndipo kazi inapofika Nyalenda, kusini mwa mji wa Kisumu, kandokando ya Ring Road, kwa mafundi wa jua kali. Mkate wao wa kila siku si Land Rover. Ni viti vya matatu, makochi, na zaidi ya yote viti vya bodaboda, hasa tangu mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo. Cherehani ile ile inayoshona kiti cha pikipiki chenye nyuzi za rangi ya klabu ya soka ya Gor Mahia ndiyo itakayopokea kiti cha mwaka 1965.

Fundi mzuri haanzi kwa mkasi. Anang'oa misumari midogo chini ya ubao mmoja mmoja, kwa sababu plaiwudi iliyolowa miaka mingi humeguka kama biskuti. Kisha anafumua mishono kwa wembe na kuvitenga vipande: cha juu, cha mbele, cha kila ubavu. Kila kipande anakiandika namba kwa chaki na kukichora juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Nguo ya zamani imevutika, kwa hiyo hakatii pale mchoro ulipoishia. Anafuata matundu ya sindano ya kwanza, yaliyobaki ukingoni. Ubao uliooza unakatwa upya, sponji inabadilishwa, na nguo mpya inatandazwa juani kabla ya kuvutwa, maana ngozi bandia ikipata joto hulainika na kukaa bila makunyanzi. Kwa jua la Kisumu, huhitaji mashine ya kupuliza hewa moto.

Mvutano huzuka kwenye rangi na mshono. Wateja wengi hutaka nyekundu, yenye mshono wa almasi na sponji nene, kama ya matatu. Mimi naona ni kumvalisha mzee suruali ya mjukuu. Sponji nene humwinua dereva mpaka magoti yakagusa usukani, na plastiki inayong'aa hukugandisha kitini saa nane mchana. Ile ya awali, isiyong'aa na yenye mikunjo midogo, haikuchaguliwa kwa urembo.

Thamani ya magari haya imepanda, na hilo linawapa mafundi hoja. Mwaka 2016, mwaka ule ule Land Rover Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani ilipotoka Solihull, kampuni yenyewe ilitangaza kufufua magari 25 ya toleo la kwanza na kuyauza kwa makumi ya maelfu ya pauni kila moja. Anayenunua kwa bei hiyo hukagua hadi kamba ya pembezoni mwa mto.

Mwenye gari Nyalenda hana haja ya kufika huko. Ila akishalipa, aombe arudishiwe nguo zote zilizovuliwa, tabaka kwa tabaka, pamoja na karatasi ya saruji yenye namba. Fundi atakayekifungua kiti hicho baada yake atazihitaji kuliko picha yoyote ya Solihull, na chini ya kiti cha abiria nafasi ya kuziweka ipo.