Kadi ya zamani, ndege ya Ilala

Najua nimepotea hapa kijiweni, ila si mnajua tena, BTP. Kwa wale wa kozi nyingine, hayo ni mafunzo ya ualimu kwa vitendo: unapelekwa shuleni na chaki yako, halafu msimamizi anakuja kukaa nyuma ya darasa bila taarifa. Leo nawapa historia, maana ndio somo langu pamoja na jiografia. Ila historia yenyewe inaanzia kwenye kompyuta iliyochoka.

Shule niliyopangiwa iko humu humu Ilala. Ina chumba cha kompyuta 11, zinazowaka ni 7. Zote za msaada, Pentium 4, Windows XP, monita zile za kisogo. Hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Picha inachorwa na chipu ya Intel iliyoko kwenye bodi kuu, na chipu hiyo haina memori yake, inakopa ya kompyuta. Yaani fundi anayeazima nyundo kila anapotaka kupiga msumari.

Mimi nilikuwa na mada ya kusoma ramani, pale kwenye kupima mwelekeo kwa nyuzi. Watoto wanakariri vizuri tu, lakini ukiwauliza "nyuzi 50 ni wapi kutoka hapa?" kila mtu ananyoosha kidole kwake. Sasa juu ya vichwa vyetu ndege zinapita kila siku kwenda Kipawa. Nikajiambia, mbona jibu liko angani? Barabara kuu ya kurukia ya uwanja wa Julius Nyerere inaitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Ukiongeza sifuri unapata nyuzi 50 na nyuzi 230, tofauti yake 180. Mada nzima imelala pale kwenye lami!

Basi nikakumbuka CD nne za mjomba: Flight Simulator 2004 ya Microsoft. Ilitoka Julai 2003, mwaka niliozaliwa, kwa hiyo ni rika langu. Masharti yake ya chini ni prosesa ya megahezi 450 na kadi ya megabaiti 8 tu. Bumu lilikuwa limeingia, nikaona nifanye mambo makubwa, nikaenda Kariakoo kutafuta kadi ya mtumba niipe nguvu ile mashine. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii inaingia kwenye mashine yoyote." Elfu thelathini ikaondoka. Kufika shuleni, kadi ni ya PCI Express, mashine ina mlango wa AGP. AGP ilikuja 1997, PCI Express ikaanza kuipokea 2004, na hiyo milango haiingiliani hata ukilia. Kurudi dukani naambiwa mali ikitoka haijarudi. Basi tena, nikabaki na chipu ya kuazima nyundo.

Njiani kurudi, kwa miguu (nauli ilishaondoka na kadi), nikawa najiuliza swali la kihistoria kweli. Kwa nini sisi kila siku tunakuta mashine za jana?

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wizara ikahamia kwenye mashine kubwa zaidi za ICL, kazi ya hesabu za serikali ikavurugika, hasara ikaingia, mpaka hesabu zikarudishwa kwa mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, mpaka upate kibali maalumu. Televisheni nayo! Wenzetu Zanzibar walikuwa tayari na ya kwao, ya rangi. Bara tulisubiri stesheni za binafsi kama ITV, mwaka 1994.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya marufuku yetu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, anaitwa Bruce Artwick, aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu kuonyesha safari ya ndege kwenye skrini ya kompyuta. Mwanafunzi kama mimi na wewe. Akaigeuza kuwa programu ya Apple II, na mwaka 1982 Microsoft wakaitoa kwa kompyuta za IBM. Kadi ya picha ya wakati ule, CGA, ilikuwa na kilobaiti 16 za memori na ikichora kwa rangi nne. Milima ilikuwa mistari mitupu. Lakini ndege ilipaa, na ukiinua pua kupita kiasi ilianguka kama ndege.

Simlaumu mtu wa 1974. Nchi ilikuwa haina fedha za kigeni za kuchezea, na ile mashine ya wizara ilikuwa imewatia hasara kweli. Ila marufuku ililegezwa taratibu miaka ya 1980, na milango ilipofunguka sawasawa miaka ya 1990, wenzetu walikuwa wameshaanza kutupa mashine zao za kwanza. Ndipo mtumba ukaingia.

Hapo ndipo historia iliponisaidia darasani. Kama ndege ilipaa kwa rangi nne, basi hesabu za kupaa hazihitaji kadi kali. Kwenye simuleta, prosesa ndiyo inayopiga hesabu za upepo, uzito na mwendo, na ndiyo inayopanga nyumba na miti. Kadi kazi yake ni kupaka rangi. Mawingu ndiyo yanayoiua, kwa sababu ni mapazia juu ya mapazia, na kadi inarudia kupaka sehemu ile ile mara nyingi. Kwa hiyo nikafanya hivi: mawingu nikaweka yale mepesi, maji yasiakisi kitu, nyumba na miti nikazima kabisa, ndege za wengine nikazima, umbali wa kuona nikapunguza, fremu nikafunga 20 kwa sekunde. Ile FSX ya 2006 nilipoijaribu ilitambaa kama konokono, nikaiacha.

Siku ya somo watoto 40 na kitu wameizunguka monita moja. Tukakaa barabara ya 05 na Cessna 172. Nikasema, "Nani ataniambia tunaelekea nyuzi ngapi?" Dogo mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akasoma dira: "Hamsini, mwalimu." Tukapaa, tukakata kushoto kuelekea kaskazini, Zanzibar, kilomita 70 na kitu. Wakapiga hesabu ya muda kwenye madaftari kabla hatujafika. Kwa kweli nilitamani msimamizi angekuja siku ile. Hakuja!

Halafu binti mmoja akauliza, "Mwalimu, Kariakoo iko wapi? Mbona tumepita na sijaiona?"

Nikanyamaza. Nyumba nilizizima mwenyewe. Lakini hata ningeziwasha, programu ile ingepanga vinyumba vya kubuni tu. Kariakoo yenyewe haimo. Ilani ya haki ni kwamba siku hizi imo: Flight Simulator ya Agosti 2020 inachora dunia kutokana na picha za satelaiti, majengo bilioni 1.5 kwa akili bandia. Ila inataka gigabaiti 150 za diski, intaneti ya kasi, na kadi ya gigabaiti 2 kwa uchache, yaani mara 256 ya ile megabaiti 8 ya 2003. Wadau mnaona? Mtaa wetu ulipoonekana angani, mashine zetu zikawa haziwezi kuuonyesha.

Nilimjibu yule binti kwamba haijachorwa. Akasema, "Si tuichore?"

Na kweli inawezekana. Hii ya 2004 inapokea majengo ya kuchonga mwenyewe, watu wamefanya hivyo kwa miji yao miaka yote hii. Nimeanza na soko, lile lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, likaungua Julai 2021. Paa lake la miavuli ya zege linachorwa kwa pembetatu chache, hata chipu ya kuazima nyundo italimudu. Mpaka jana usiku nina miavuli mitatu, mmoja umepinda.

Mwenye picha za soko za kabla ya moto anitafute, tafadhali. Na mwenye mashine yenye mlango wa PCI Express, kadi ipo, haijatumika hata siku moja.

Tuko pamoja.