Maji Taka ya Ploti Yako ni Kazi ya Nani?

Leo tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hukikumbuka kikishafurika: tangi la maji taka, yaani septiki.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1975, Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mradi wa Dandora. Zilipangwa ploti 6,000. Choo na bafu vilijengwa kwanza, vikaunganishwa na bomba la jiji, ndipo mwenye ploti akaongeza vyumba. Bomba lilitangulia, nyumba ikafuata.

Baadaye jiji likapanuka hadi Utawala na Ruai. Huko mambo yakageuka: nyumba zikatangulia, bomba likabaki nyuma. Mabwawa makubwa ya kusafisha maji taka ya Nairobi yako Ruai, lakini nyumba nyingi za jirani zilijengwa kwa kutegemea septiki. Kazi iliyokuwa ya Baraza la Jiji ikawa ya mwenye ploti.

Ndani ya tangi, uchafu mzito hutulia chini, mafuta huelea, na maji hutoka kwenda shimoni ili udongo uyanywe. Shida ni kwamba sehemu nyingi za Eastlands zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao haunywi maji upesi. Mvua ikinyesha, shimo hujaa, uchafu hutokea uani, na watoto wako papo hapo wanacheza. Kipindupindu kilichozuka Nairobi mwaka wa 2015 na tena 2017 hupitia njia kama hiyo.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba notisi aondoe uchafu huo. Nawe mpangaji, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya usafi unaofaa. Usiogope kulalamika.

Mwenye ploti, fanya haya:

- Nyonyesha tangi kabla tope halijafika theluthi yake.
- Usiruhusu pedi, matambara wala mafuta ya kupikia kutupwa chooni.
- Mtu asiingie ndani ya tangi. Hewa yake huua.
- Ita gari lenye leseni ya NEMA, na umuulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Akimwaga mtoni, kuna mtu huko chini anayenyunyizia sukuma wiki maji hayo, na sukuma hiyo itarudi sokoni kwako.