Hodi Nyumbani Kwako Mwenyewe

Historia ya kompyuta tumezoea kusimuliwa kwa vipimo: ilikuwa kubwa kama chumba, ikawa ya mezani, leo iko mfukoni. Mimi inanivutia zaidi historia ya hodi. Mtu aliye huku anabishaje kwenye mashine iliyo kule, ikamtambua, ikamfungulia? Sisi tunaoandika baada ya kazi inatuhusu sana. Rasimu ziko kwenye kompyuta ya nyumbani, na sisi wenyewe kuanzia saa mbili asubuhi tuko ofisini. Sentensi ikikujia saa sita mchana, utaipeleka wapi?

Mambo yalianzia jikoni. Mwaka 1937 George Stibitz, mwanahisabati wa Bell Labs kule Marekani, alichukua rilei za simu, betri, balbu za tochi na vipande vya bati la kopo la tumbaku, akaunda kijimashine cha kujumlisha juu ya meza ya jikoni kwake. Mkewe akakiita Model K, kwa herufi inayoanza neno la Kiingereza la jiko. Wazo hilo likahamia kazini, likazaa mashine kubwa. Septemba 11, 1940, Stibitz aliionyesha kwa wanahisabati waliokutana Dartmouth College, Hanover, ilhali mashine yenyewe ilikuwa New York. Hesabu ziliandikwa kwenye teleprinta, zikapita kwenye waya wa simu, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Aliyekuwapo pale ni pamoja na John Mauchly, ambaye baadaye alishiriki kuunda ENIAC.

Usiku wa Oktoba 29, 1969, Charley Kline, mwanafunzi wa UCLA, alibisha kwenye kompyuta ya Stanford Research Institute. Alikuwa anaandika LOGIN. L ikafika. O ikafika. Kwenye G, mashine ya kule ikazima. Kama saa moja baadaye wakajaribu tena, wakaingia.

Sasa hebu tazama hodi hizo zilielekea wapi. Zote zilikwenda kwenye jumba la taasisi. Mashine ilikuwa mali ya wakubwa, na wewe uliomba dakika chache za kuitumia. Wazo la kubisha kwako mwenyewe halikuwapo, maana nyumbani hapakuwa na kitu cha kubishia.

Tena hodi ya zamani ilikuwa ya kupayuka. Telnet, njia iliyotumika kwa miaka mingi, ilipitisha nenosiri wazi wazi. Ni kama kusimama barabarani ukapaza sauti kwamba ufunguo uko chini ya mtungi. Mwaka 1995, kwenye mtandao wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, Ufini, mtu alitega programu ya kunasa manenosiri yanayopita. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, hakungoja kamati. Aliandika SSH, inayofumba mazungumzo yote kwa siri, na mwaka huo huo akaigawa bure. Aliomba apewe mlango namba 22, ulio katikati ya 21 wa kupeleka mafaili na 23 wa Telnet. Mpaka leo ndio huo.

Kinachonipendeza kwenye SSH ni adabu yake. Mswahili akipiga hodi, aliye ndani huitambua sauti yake. Lakini na mgeni naye huitambua sauti inayomjibu "karibu". Asipoitambua, husita. SSH inafanya hivyo hivyo. Mashine inakukagua wewe, na wewe unaonyeshwa alama ya mashine, ili usije ukaingia nyumba ya tapeli ukidhani ni kwako.

Basi kompyuta zikaingia majumbani. Mwaka 2001 Windows XP ilikuja na uwezo wa kukuonyesha meza nzima ya kompyuta yako ukiwa mbali. Ila uwezo wa kupokea mgeni uliwekwa kwenye toleo la Professional. Toleo lililoitwa Home halikuwa nao. Yaani mashine iliyopewa jina la nyumbani ndiyo iliyonyimwa kuitikia hodi! Kwa wauzaji, nyumbani palikuwa mahali pa kutoka kwenda kuomba, si mahali pa kufikiwa.

Anwani za intaneti nazo zikawa haba. Mfumo wa zamani una kama bilioni 4.3 tu, kwa hiyo kampuni nyingi za mtandao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa nyumba yenye geti moja. Hodi yako inafika getini, na mlinzi hajui chumba chako. Ndiyo maana wengi tunapitia kwa mtu wa kati: kompyuta ya nyumbani na ya ofisini zote zinakwenda kwake, naye anaziunganisha. Ni rahisi kweli, lakini mlango sasa ni wa kukodi.

Kuuacha wazi kuelekea barabarani nako si ushujaa. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye huduma hiyo ya meza ya mbali, na likazibwa hata kwenye XP, iliyokuwa imeshaachwa tangu 2014. Pia ufunguo ukiuacha kwenye kompyuta ya mwajiri, si wako peke yako tena.

Mtu ataniuliza, kwa nini usiweke kila kitu kwenye seva za makampuni, yakaisha? Naelewa, wengi tunafanya hivyo. Lakini rasimu iliyo nyumbani ina mwenyewe. Iliyo kwa kampuni ina masharti, na masharti hubadilika bila wewe kuulizwa. Kwa hiyo mimi nitaendelea kubisha kwangu, kwa ufunguo niliotengeneza mwenyewe, nikiomba kitu kimoja tu: LUKU isiishe kabla ya saa sita.