Gari la Nyayo na Mipaka ya Agizo la Kisiasa Nchini Kenya

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Agizo hilo lapaswa kusomwa kwanza kama tamko la kisiasa. Jina lenyewe ni ushahidi: Nyayo ndiyo falsafa aliyoitangaza Moi baada ya kumrithi Jomo Kenyatta mwaka 1978, na kulipa gari jina hilo kulilifunga kwenye heshima ya dola kabla halijapata injini.

Magari yalikuwa yakiunganishwa nchini tangu miaka ya 1970, katika viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa. Lakini kuunganisha si kuunda. Anayeunganisha hufungua makasha yaliyotoka ng'ambo. Anayeunda hana budi kusubu chuma, kuchonga gia na kupima kila kipande kwa usahihi usioruhusu kubahatisha. Pengo hilo ndilo wahandisi wa chuo walilotakiwa kulivuka, nao walitegemea sana karakana za Shirika la Reli, zilizokuwa na mitambo ya kuhudumia vichwa vya treni. Yalipatikana magari matano ya majaribio, yenye uwezo wa kufikia kilomita 120 kwa saa, yakazinduliwa Kasarani mwaka 1990.

Simulizi za mitaani hulikumbuka gari hilo kwa kugoma kwake siku ya uzinduzi. Kicheko hicho kimeficha swali zito zaidi. Kuunda magari matano kwa muda wa takriban miaka minne si jambo la kubezwa (hata makampuni makubwa ya Ulaya hutupa mifano mingi ya namna hiyo). Ugumu ulikuwa katika kutoka magari matano hadi maelfu. Hatua hiyo ilihitaji mtaji, wauzaji wa vipuri na soko pana, na hakuna agizo la rais ambalo lingeweza kuvileta. Shirika la Nyayo Motor liliundwa ili kuanzisha uzalishaji, lakini fedha hazikupatikana. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada kwa serikali ya Kenya, na kadiri biashara ilivyolegezwa masharti katika mwongo huo, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi.

Shirika hilo hatimaye lilibadilishwa jina na kuwa Numerical Machining Complex, likaendelea kuchonga vipuri kwa ajili ya mitambo ya viwanda vingine.