Looa Hakutoka Misri



Wiki mbili zilizopita nilikuwa msibani hapa Nakwa. Ilikuwa jioni, mlima Kwaraa umeshaingia giza, na wanaume tulikuwa tumekaa nje tukiota moto. Kijana mmoja wa ukoo wetu akaniuliza mbele ya wazee: "Baba mkubwa, ni kweli kwamba sisi Wagorowa tulitoka Misri, na kwamba Looa wa wazee wetu ndiye yule mungu-jua wa Mafarao?" Alikuwa amelisoma jambo hilo mahali, na furaha ilimjaa usoni. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja akadakia: "Mambo ya Looa ni ya shetani. Yaacheni huko huko."

Msibani si mahali pa mabishano, nikanyamaza. Lakini swali lile halikunyamaza. Leo naomba kulijibu, maana naamini wako vijana wengi wanaojiuliza vivyo hivyo.

Kwanza tuwape Wamisri haki yao. Dini yao ilidumu zaidi ya miaka 3,000, na ilipokufa haikuzikwa na kila kitu chake. Karibu mwaka 1350 kabla ya Kristo, Farao Akhenaten aliamuru aabudiwe mungu mmoja tu, Aten, yaani duara la jua. Baada ya kufa kwake amri hiyo ilifutwa, na watu wakairudia miungu yao ya zamani. Lakini wimbo mrefu wa kumsifu Aten umebaki, na ukiusoma kisha ukafungua Zaburi ya 104, utaona zinavyofanana: simba wanaotoka usiku, binadamu anayekwenda kazini asubuhi, vyombo vinavyopita majini. Kama mmoja alimsikia mwenzake au wote walichota kisima kimoja, wataalamu bado wanabishana.

Jambo la pili halina ubishi mkubwa. Uko waraka wa hekima wa Kimisri uitwao Mafundisho ya Amenemope. Ulipotangazwa miaka ya 1920, Mjerumani Adolf Erman alionyesha kwamba sehemu ya Mithali, kuanzia sura ya 22, inafanana nao sana. Usimnyang'anye maskini, usisogeze mpaka wa shamba, usifanye urafiki na mtu wa hasira. Wengi wa wachunguzi wa Biblia leo wanakubali kwamba mwandishi wa Mithali aliyajua mafundisho hayo.

Tena ni katika majangwa ya Misri ambako Antoni, katika karne ya tatu, aliacha mali yake akaenda kuishi peke yake kwa sala, na ambako Pakomio, karibu mwaka 320, aliwakusanya watawa waishi pamoja chini ya kanuni moja. Kila nyumba ya watawa unayoiona leo ina mizizi yake huko. Na Wakristo wa Kikopti hata sasa husali kwa Kikopti, ambacho ni mtoto wa mwisho wa lugha ya Mafarao.

Naam, hayo ni kweli. Lakini penye mchele hapakosi chuya. Utasikia, kwa mfano, kwamba neno "Amina" ni jina la mungu Amun wa Wamisri. Si kweli hata kidogo. Hilo ni neno la Kiebrania, lenye maana ya kuwa imara, kuwa kweli. Lina ndugu zake katika Kiarabu, na sisi Waswahili tunao nyumbani kila siku: amini, imani, amana. Kufanana kwa sauti si udugu. Kata ya maji na kata ya diwani zinatamkwa sawasawa, lakini ukienda kwa diwani na kiu hutachota kitu.

Sasa tuje hapa kwetu. Wagorowa na ndugu zao Wairaqw walimwita Mungu kwa jina la Looa, na hilo hilo ndilo jina la jua. Looa ni mama, mpole, mwenye kutoa mvua na watoto. Waliokuwa wakiogopwa ni netlangw, roho wa chemchemi na mito. Je, hili lilitoka Misri?

Tazama majirani zetu, ndugu msikilizaji. Wadatoga, wanaozungumza lugha ya Kiniloti, humwita Mungu Aseta, na Aseta ni jua. Ndugu zao wa mbali, Wakalenjin wa Kenya, husema Asis, na Asis ni jua. Wahadzabe kule Eyasi, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana, wanaye Ishoko, naye ni jua. Wachagga, ambao ni Wabantu, wanaye Ruwa, na Ruwa ni jua, na jina hilo walikwenda nalo mpaka ndani ya kanisa. Lugha za asili nne mbalimbali, na kila moja imetumia neno lake lenyewe. Lau dini hii ingeletwa na msafiri mmoja kutoka mto Nile, tungetazamia angalau jina la Ra au la Aten libaki mahali fulani. Halipo. Kilichopo ni watu waliokaa jirani kwa miaka mingi, wakaoana, wakaombeana mvua, wakaelewana kuhusu Mungu kila mmoja kwa kinywa chake.

Wapo Wakalenjin wasomi walioandika kwamba Asis ndiye Isis, mungu wa kike wa Misri. Lakini "Isis" ni matamshi ya Wayunani, na mungu huyo hakuanza kama jua. Asis wa Wakalenjin ni neno la kawaida la Kiniloti, jua lile lile linalokausha mtama.

"Lakini," utaniambia, "lugha yetu si ina udugu na ya Misri?" Ina udugu, ndiyo. Kigorowa ni lugha ya Kikushi, na lugha za Kikushi, Kimisri cha kale, Kiarabu na Kiebrania zimewekwa katika ukoo mmoja mkubwa. Ila ukoo huo uligawanyika maelfu ya miaka kabla ya piramidi ya kwanza. Kusema Mgorowa katoka kwa Farao ni kama kusema umezaliwa na binamu yako.

Na ushahidi uko mlangoni petu. Pale Luxmanda, katika wilaya ya Babati, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta makazi ya wafugaji ya miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya mtoto mchanga aliyezikwa pale kiasi cha miaka 3,100 iliyopita. Chembe za urithi katika mifupa yake zilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya asili yake ilifanana na ile ya wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Basi wenye haraka watapiga makofi. Lakini damu haina dini, na haisemi jina la Mungu. Tena mtoto yule alipolazwa katika udongo wa Luxmanda, huko Misri Mafarao walioitwa Ramesses walikuwa bado wakiitolea miungu yao sadaka. Wafugaji wale, ambao wataalamu wengi huwahusisha na wasemaji wa Kikushi, hawakuwa mabaki ya Misri. Walikuwa na makao yao hapa.

Pengine unaona ni mchezo tu, kijana ajisifu Misri, kuna ubaya gani? Ubaya upo. Wazo hili lina baba yake. Mwaka 1863 Speke aliandika kwamba watawala wa nchi za maziwa walikuwa wageni kutoka Uhabeshi. Mwaka 1904 Merker, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Moshi, aliandika kwamba Wamasai ni ndugu wa Waisraeli. Mwaka 1930 Seligman wa Uingereza akalifanya somo: kila kizuri katika Afrika kililetwa na Wahamiti. Maana yake, Mwafrika akikutwa na Mungu, basi kaazima.

Na hadithi hiyo iliua. Mwaka 1992 mwanasiasa wa Rwanda, Léon Mugesera, aliwahutubia watu akisema Watutsi watarudishwa kwao Ethiopia kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Mwaka 1994 miili ilielea mpaka Ziwa Victoria, na ndugu zetu wa Kagera waliiona kwa macho. Arusha, mji ambao tulikuwa chini yake kimkoa mpaka mwaka 2002, ndiko baadhi ya wakubwa wa mauaji hayo walikohukumiwa. Leo unajisifu kwamba asili yako ni mbali. Kesho mwingine atakwambia: basi rudi huko.

Mimi sina usafi katika jambo hili. Nilipokuwa kijana, nimetoka kupata kipaimara, nilimkuta bibi yangu alfajiri amesimama mlangoni, uso kuelekea mashariki, akimwita Looa. Nikamwambia anatenda dhambi. Hakukasirika. Aliniuliza: "Kwani huyo wenu, jua lake liko wapi?" Nilikimbia kwenda kuchunga. Mpaka leo sina jibu zuri kuliko swali lile.

Yule mzee wa msibani na kijana wetu walionekana kupingana. Kwa kweli walisema jambo moja: kwamba sala ya bibi haitoshi kuwa sala mpaka ipate kibali cha wengine, mmoja akiutaka muhuri wa Farao, mwingine akiuzuia muhuri wa kanisa. Mimi ni Mkristo na nitazikwa hivyo. Lakini bibi aliombea mvua kwa ajili ya shamba letu, si la Farao.

Kijana wangu, kama unanisikiliza, usiende Misri kumtafuta Looa. Wapo wazee wachache hapa Nakwa ambao bado wanazikumbuka sala zile. Chukua daftari, nenda kawaulize, kabla hatujakaa tena kwenye moto wa msiba mwingine.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.