Kuita si Kupokea

Katika kalenda ya Tanzania, tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mwaka 2009 klabu ya Simba iliichukua siku hiyo ikaipa jina la pili: Simba Day. Wazo lilikuwa jepesi, lakini lilikuwa na akili. Ofisi zimefungwa. Ligi bado haijaanza, kwa hiyo hakuna aliyefungwa na hakuna mwenye kinyongo. Klabu ikawaita watu waje wawaone wachezaji wapya wakitajwa jina mmoja mmoja, wasikilize muziki, kisha watazame mechi ya kirafiki. Watu wakaja, na mwaka uliofuata wakaja tena. Miaka kumi baadaye, 2019, Yanga nao wakaanzisha Wiki ya Mwananchi, na utani wa jadi ukapata mada mpya: nani kajaza zaidi?

Mjomba wangu hajawahi kuhudhuria hata moja ya sherehe hizo. Ni shabiki wa kufa na kuzikana, wa timu gani nisiseme, maana ataniuliza. Mechi zote huzitazama kwenye kibanda umiza mtaani kwetu, kwenye benchi la mbao, jasho likimtiririka. Niliwahi kumuuliza kwa nini haendi uwanjani siku hizi. Akanijibu, "Mpwa wangu, huku nateseka kwa shilingi mia tano. Kule nikateseke kwa elfu tano?"

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu, kwa sababu mjomba ni wa kizazi ambacho hakikuhitaji kuitwa.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka mmoja baadaye baadhi ya watu wakajitenga, wakaunda timu iliyoitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na hatimaye, mwaka 1971, Simba. Moja iko Jangwani, nyingine mtaa wa Msimbazi, na kutoka makao ya huyu hadi ya yule unatembea kwa miguu. Klabu hizi zilikuwa za mtaani kabla hazijawa za uwanjani. Mwanachama alikuwa na kadi, ada, tawi na kiti chake barazani. Alikuwa na haki ya kupiga kura na haki ya kugombana. Ugomvi wa Yanga wa miaka ya 1970 ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzaa klabu nyingine kabisa, Pan African, mwaka 1976. Mtu hagombani hivyo kwa kitu alichokuja kukitazama tu. Hugombana kwa kitu anachoamini ni chake.

Siku ya mechi, watu wale hawakusubiri tangazo. Walitoka pamoja mtaani kuelekea Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru na ambao wakazi wa Dar huuita Shamba la Bibi. Ni uwanja uleule ambako usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa. Julai 1977 Simba walipoifunga Yanga mabao sita kwa sifuri, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni, hakukuwa na televisheni ya kukuonesha marudio. Ama ulikuwepo, ama ulisikiliza redio, ama ulisimuliwa na aliyekuwepo, naye alikusimulia kwa madaha mpaka ukajuta. Uwanja ulijaa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuona.

Mwaka 2007 ukafunguliwa uwanja mpya jirani na ule wa zamani, wenye viti 60,000. Tangu mwaka 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, na watu husema tu "Kwa Mkapa". Kisha mwaka 2013 Azam TV ikaanza kuonesha ligi moja kwa moja. Mwaka 2021 ikasaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia klabu, hasa ndogo. Lakini shabiki akawa na njia mbili: kwenda, au kubaki na kuona vizuri zaidi.

Klabu zikatambua kwamba lazima sasa ziite, na zikajifunza kuita kwa ustadi. Wasemaji wa klabu wakawa mastaa kuliko baadhi ya wachezaji. Haji Manara alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2021, nchi ilizungumza kama vile mshambuliaji kahama. Zikaja kaulimbiu za kila mechi kubwa, misafara ya matawi, tarumbeta, jezi zinazozinduliwa kama albamu ya muziki. Simba ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19, na sehemu ya nguvu yake ilitoka kwenye majukwaa ya Kwa Mkapa. Katika sanaa ya kuita, sidhani kama kuna wa kutufundisha.

Shida ni kinachotokea mwitwa akifika.

Tarehe 8 Mei 2021, mechi ya watani ilipangwa saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya awali, wakaondoka, na mechi haikuchezwa. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya watani iliahirishwa siku yenyewe, baada ya mvutano kuhusu mazoezi ya Simba uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Mara zote mbili viongozi walibishana kuhusu kanuni. Aliyepanda basi kutoka mkoani usiku kucha hakuwa na kanuni ya kumtetea.

Na kuna tarehe 28 Mei 2023. Yanga walikuwa wenyeji wa USM Alger ya Algeria katika mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, fainali yao ya kwanza ya Afrika. Wananchi waliitwa, wakaitika. Katika msongamano wa kugombania kuingia, mtu mmoja alifariki na wapatao 30 walijeruhiwa. Yanga walifungwa 2-1, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Bao hilo moja lililopungua tutalisimulia miaka hamsini. Yule mmoja aliyepungua mlangoni tunamtaja mara chache mno.

Ndiyo maana mjadala wa kuongeza mashabiki haupaswi kuanzia kwenye mabango. Unapaswa kuanzia getini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini methali hiyo inamtaka mwenyeji awe amefagia kwanza. Kufagia si jambo la siri. Mageti yafunguliwe mapema, na ndani kuwe na sababu ya kuwahi: mechi ya vijana, mechi ya timu ya wanawake, muziki, chakula cha bei ya kawaida. Simba Day yenyewe imeshathibitisha kwamba watu wakipewa shughuli ya kutwa, hawaji wote dakika ya mwisho. Tiketi ioneshe geti, na geti lisibadilike. Saa ikitangazwa, iheshimiwe. Vyoo vya wanawake viwe na maji na taa, kwa sababu msichana akishaondoka na kumbukumbu mbaya, haondoki peke yake. Anaondoka na wadogo zake na watoto atakaowazaa. Na mechi ikiisha usiku, pawe na mabasi.

Kisha kuna methali ya pili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Matawi ya klabu hizi yanawajua watu wao kwa majina, yanachangishana misiba na arusi. Watu hao wakifundishwa na kupewa fulana ya kazi, ndio wangekuwa wa kwanza kuona mzee aliyezidiwa kwenye foleni au mtoto aliyepotea.

Tusidhani hili ni la wakubwa wawili tu. Mwaka 2013 Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda Ligi Kuu, ikamaliza msimu wake wa kwanza nafasi ya tatu. Uwanja wa Sokoine ulifurika, na mashabiki wakaifuata timu mikoani. Hawakuwa na historia ya 1935. Walikuwa na kitu walichoweza kukiita chao. Lakini matokeo yalipopungua, na shangwe ikapungua. Mwaka 2023 timu ikashuka daraja, ikarudi 2025. Ushindi huleta watu, ila haujui kuwatunza. Kinachowatunza ni namna walivyopokelewa siku ile timu ilipofungwa.

Mwezi uliopita nilinunua tiketi mbili za mechi ya katikati ya wiki, mechi isiyo na kaulimbiu, dhidi ya timu ya mkiani. Nikampelekea mjomba. Akaigeuza ile tiketi pande zote mbili kama mtu anayekagua noti. Nilidhani ataniuliza nani anacheza, au nani majeruhi.

"Geti linafunguliwa saa ngapi?" akauliza.